Osiloskopu ya Kumtetea Baba

Mimi si mtu wa kutulia. Nikikaa hitimani nahesabu mbao za dari, nikisubiri chungu kichemke nakifunua na kukifunika mpaka mama anifukuze jikoni. Nimeshapindukia arubaini, nimeolewa nikaachwa, nasomesha fizikia skuli ya sekondari, na tangu nirudi kwa wazee wangu, kijiji cha upande wa Wambaa, Pemba, chumba cha uani nimekifanya cha umeme. Humo mna redio zilizokata kauli, chaja, taa za sola, na harufu ya risasi ya kuungia waya ambayo mama anasema siku moja itaniua. Wenzangu wakimaliza kazi za nyumbani wanadarizi kofia. Mimi nafungua vitu.

Baba alikuwa mwashi. Nyumba nyingi za huku kwetu, na hata za kule Chokocho, misingi yake kaivutia uzi yeye. Lakini mtu akimtaja baba hamtaji kwa nyumba, humtaja kwa adhana. Tangu nina akili zangu yeye ndiye mwadhini wa msikiti wetu. Na kwa kuwa mimi ni mwanamke, sikupata hata siku moja kusimama karibu naye anapoadhini. Adhana yake nimeisikia maisha yangu yote kutoka kwenye pembe ya spika juu ya paa, nikiwa uani, shamba, au njiani natoka skuli. Nyumbani alikuwa akisoma Yasini siku ya Alhamisi kwa sauti ya chini, nzuri, isiyo na ila. Kwa hiyo masikio yangu yalikuwa na baba wawili, wa nyumbani na wa spika, na mwaka ninaousimulia yule wa spika alianza kuharibika.

Ilianza baada ya Ramadhani. Kila akifika kwenye "Hayya ala-swala", pale pa kuvuta pumzi ndefu, sauti ilikuwa ikitetemeka, ikakatika, ikarudi. Watu hawakusema kitu kuhusu baba. Walisema kuhusu spika. Dukani: "Spika ile, mwalimu, imekwisha." Kisimani: "Hebu itazameni spika, inamwangusha n'zee." Siku moja imamu mwenyewe akaja mpaka barazani kwetu, akakohoa, akamuuliza mama hali, akauliza hali ya karafuu zilizoanikwa, ndipo akaniambia mimi.

"Mwanangu, mashine yetu inakwaruza. Sauti ya n'zee haitoki. Ichukue uitazame. Ikikaa kwako hata mwezi, hatuna haraka. Sie tutaadhini kwa mdomo tu, yule mwalimu wa madrasa atatusaidia, ana kifua."

Mtu anaponiambia mimi kwamba hana haraka, ni kama kunitia upupu. Niliichukua amplifaya, ile mashine ya kukuzia sauti, asubuhi, nikaifungua, nikaona kapasita mbili zimefura, nikazibadilisha, na kabla ya alasiri niliirudisha mwenyewe mpaka mlangoni mwa msikiti, imefungwa kitambaa.

Imamu aliitazama. "Ushamaliza?"

"Nishamaliza, shehe."

"Mashaallah," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa chai isiyo na sukari.

Adhana ya alasiri ikatoka vile vile. Wiki ya pili wakaniletea tena, nikasafisha kile kidude cha kuongezea sauti kilicholiwa na hewa ya chumvi, nikairudisha siku ile ile. Wiki ya nne nikabadilisha waya wa maiki wote. Siku ile ile. Na kila nikirudi nilijiona fundi, na kila adhana ikitoka nilijiona mjinga, maana "Hayya ala-swala" ilikuwa imevunjika pale pale ilipokuwa imevunjika jana yake.

Nilikasirika. Niliikasirikia mashine, niliwakasirikia walioiunda, niliwakasirikia na watu wa dukani ambao sasa walikuwa wakinitazama kwa namna ya huruma. Nikasikia pia, kwa mbali, kwamba kamati ya msikiti ilikuwa na jambo inalizungumza. Sikuambiwa jambo gani, lakini mimi si mtoto. Nilijua kwamba kama spika haikupona, mtu atakuja kusema ni baba aliyekwisha, na baba ataondolewa mahali pake kwa kosa la waya. Nilijiapiza kuwa hilo halitatokea nami niko hai.

Nilikuwa na mita ya kupimia umeme tu. Mita hukupa namba moja, ni kama kumuuliza mtu habari akakujibu "nzuri" akapita. Osiloskopu ndiyo inayokaa kitako ikasimulia. Unauchomeka waya wake wa kupimia, na umeme uliomo unajichora juu ya kioo, mstari unaopanda na kushuka, na kila mtetemeko unaonekana mahali pake. Nilikuwa nikiitamani kwa miaka kama wengine wanavyotamani pete. Sasa nilikuwa na sababu. Ningeingiza sauti ya baba upande mmoja, nikapima inayotoka upande wa pili, nikaiweka mistari miwili juu ya kioo kimoja, na kamati nzima ingeona kwa macho kwamba anayetetemeka ni mashine.

Basi nikaanza kuchagua. Laiti nisingeanza.

Kwanza nilitaka ile ndogo ya kushika mkononi, yenye betri, kwa sababu umeme wetu unajulikana. Nikaiweka kwenye kikapu cha duka la mtandaoni, nikaitoa. Ilikuwa na chaneli moja, na mimi nilihitaji mbili. Nikaona ya chaneli nne, nikasema ukitaka kitu taka kizima, kisha nikajiuliza chaneli mbili zilizobaki nitapimia nini, moyo wa mama? Nikaingia kwenye habari za megahezi, yaani kasi ya mawimbi ambayo chombo kinaweza kuifuata. Hapo nilipotea kabisa. Kila video niliyotazama ilikuwa na mwanamume anayesema hamsini hazitoshi, ununue mia. Na anayefuata anasema mia hazitoshi, ununue mia mbili. Sauti ya binadamu, nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka, haihitaji hata megahezi moja. Osiloskopu duni kuliko zote duniani ingemchora baba bila ya shida. Nilijua. Na bado nilikaa mapumziko skulini, chaki mkononi, nalinganisha mia na mia mbili.

Niliagiza moja, nikafuta. Nikaagiza nyingine, nikasoma kwamba feni yake inapiga kelele, nikafuta. Nilikuwa nikipanda mpaka kwenye kilima nyuma ya skuli, ambako mtandao unashika vizuri, nikisimama juani nasoma ugomvi wa watu wa nchi za mbali kuhusu ukubwa wa kumbukumbu na wingi wa sampuli kwa sekunde, kana kwamba wao ni jamaa zangu. Mvua ikija mama alikuwa akiniita tukunje majamvi ya karafuu, nami nikikunja kwa mkono mmoja, simu kwenye mkono wa pili.

Mwisho nikaswali istikhara. Rakaa mbili, nikaomba Mwenyezi Mungu anioneshe iliyo na kheri, yenye chaneli mbili au yenye chaneli nne. Sikuona kitu. Nikaswali tena kesho yake, na keshokutwa. Mama alinikuta juu ya msala mchana kweupe, akaniuliza kuna nini, nikamwambia.

"Subhanallah! Kwa mume hukuswali istikhara, leo waiswalia mashine?"

Nilicheka, lakini yeye hakucheka sana. Aliendelea kusimama pale, kanga mkononi, kama mtu mwenye neno.

"Mwanangu, weye waharakishia nini? Si wakwambia hawana haraka?"

"Mama, baba anaharibiwa jina."

"Na nani?" aliuliza. Kisha akatoka zake.

Sasa naweza kusema ukweli, kwa sababu muda umepita na aibu imepoa. Sikuwa nikichelewa kwa ajili ya megahezi. Kuna siku, katikati ya miezi ile, nilipita karibu na dirisha la msikiti wakati baba anaadhini, karibu kuliko nilivyowahi kupita, na sauti mbili zikanifikia, ya juu kutoka kwenye pembe na ya ndani kutoka dirishani. Niliharakisha mwendo. Nilijifanya nimekumbuka jambo nyumbani. Mtu anayetaka kujua husimama akasikiliza, na mimi nilikimbia, halafu nikaenda kusoma habari za osiloskopu kwa saa mbili. Nilikuwa nikitafuta chombo kitakachoniambia kwamba baba hajazeeka, na niliogopa nisije nikapata kile kinachosema kweli.

Hatimaye nilichagua kwa hasira. Ya kuweka mezani, chaneli mbili, kila chaneli na vidude vyake vya kuzungushia, megahezi mia, basi. Ilikwenda Dar kwa shoga yangu, yeye akaipakia melini kwa mkono wa mtu, na asubuhi ya Jumamosi moja ilikuwa juu ya meza yangu, na karatasi za plastiki hazijabanduka kwenye kioo.

Nilikwenda kuiomba amplifaya na maiki yake. Imamu aliniona natokea akasimama kabla sijafika. "Ichukue, ichukue," alisema, "na safari hii itazame kwa makini. Jipe siku zako."

"Safari hii leo leo nitaipata, shehe. Nimeleta chombo."

Akafunga macho kidogo. "Inshaallah," alisema.

Pembe ya spika niliiacha juu ya paa. Mahali pake niliunga risista kubwa inayomeza umeme kimya kimya, ili sauti isitoke, kwa sababu adhana ikisikika kijijini saa nne asubuhi tutakuwa tumefanya fitina. Chaneli ya kwanza, mstari wa njano, nikaiunga pale sauti inapoingia kutoka kwenye maiki. Ya pili, mstari wa buluu, pale inapotoka kwenda kwenye spika. Nikahakikisha kwa mita kwamba vibanio vyeusi vya nyaya za kupimia havitakutana vibaya vikaunguza kitu. Nikamwita baba.

Alikuja na kofia yake, akakaa kwenye kigoda mbele ya maiki, akaitazama meza yangu yote kwa adabu, kama mgeni.

"Adhana haichezewi," aliniambia. "N'tavuta dhikri. Dhikri haina wakati."

Akavuta "La ilaha illa Llah" kwa lahani ya adhana yake, ndefu, ile ile ninayoijua. Niliupunguza mwendo wa kioo ili pumzi yake nzima ienee kutoka kushoto hadi kulia. Nilikuwa najua ninachokitafuta. Amplifaya iliyoelemewa hukata vichwa vya mawimbi. Mstari unaoingia unakuwa mzima, na unaotoka unakuwa bapa juu, kama dafu lililokatwa. Nilikuwa hata nimeshapanga maneno ya kuiambia kamati.

Mstari wa njano ukapanda, ukajaa, ukaanza kutikisika, ukakatika, ukarudi mwembamba. Mstari wa buluu ukapanda, ukajaa, ukatikisika, ukakatika, ukarudi mwembamba.

"Tena, baba."

Akavuta tena. Nikapandisha sauti ya amplifaya, nikashusha. Nikasogeza mistari, nikaikuza, nikaipunguza. Nikabadilisha nyaya za kupimia, ya njano kwa ya buluu. Nikasema labda ni joto, nikasema labda ni umeme wa leo, nikasema labda maiki, baba shika maiki vizuri, isogeze, irudishe nyuma. Alinitii kama mwanafunzi. Mara ya tano au ya sita hakuvuta. Aliinuka kwenye kigoda, akazunguka meza, akasimama nyuma yangu.

"Upi unaoingia?"

"Wa njano."

"Na unaotoka?"

"Wa buluu."

Aliinama. Alinyoosha kidole chake kinene cha uashi, akakipitisha juu ya mstari wa njano bila ya kuugusa, kisha juu ya wa buluu. Mtu aliyevuta uzi juu ya misingi maisha yake yote haambiwi mstari umefuata au haukufuata.

"Haukupinda hata chembe," alisema. "Mashine haina neno."

"Baba, pengine—"

"Mwanangu." Akavuta kiti akakaa ubavuni mwangu. "Mie n'shajua tangu Ramadhani. Pumzi haifiki. Imamu ajua, na mamako ajua. Kijiji kizima chajua."

"Mbona wanasema spika?"

"Wanambie nini? Wanambie n'mezeeka?" Hakuwa amekasirika. Alikuwa akinieleza kama anavyomweleza kibarua kwa nini tofali hili linakaa hapa. "N'tu akijitoa mwenyewe, watu hunena kachoka na ibada. Akitolewa, kavunjiwa heshima. Mashine ikiharibika, hapana aliyetoka wala aliyetolewa. Bila ya spika sauti yangu haifiki hata kwa jirani, basi aadhini mwenye kifua, nami nikae safu ya mbele. Siku zikipita, imeshazoeleka. Watu walikuwa wan'sitiri, mwanangu. Weye mara tatu waniletea mashine nzima."

Mara tatu. Nilizikumbuka zote tatu, nakwenda msikitini na amplifaya kifuani kama mama wa biharusi, na uso wa imamu kila safari. Mimi mtoto wa hapa, niliyezaliwa hapa, ninayejua kwamba mgeni haambiwi nenda, huulizwa kama kiatu chake kipo mahali pazuri. Yote hayo nayajua. Lakini mtu alipotaja spika, nikaacha kuwa Mpemba nikawa fundi.

Nilitaka kulia, nikalia. Baba aliniacha. Aliiangalia mistari yake iliyosimama kwenye kioo, njano na buluu, akasema ni kazi nzuri, chombo kizuri, wamejua kuunda. Sijui kama alisema hivyo kunituliza au kwa kweli. Yeye ni mtu wa kusifu kazi ya fundi mwenziwe.

"Sasa nifanye nini?" nilimuuliza.

"Iache hapo juu ya meza. Wakiuliza, haijapona."

Hilo likawa gumu kuliko yote. Mimi nawapa sifuri wanafunzi wanaoandika kipimo wasichokipima. Chombo nilichokichagua kwa miezi, kilichochora kweli isiyo na shaka kuliko kipimo chochote nilichowahi kukipima, kilikuwa kimekaa mbele yangu, na natakiwa nitoke nje niseme uongo.

Hatukungoja sana. Kabla ya saa sita tulisikia kikohozi barazani, kisha hodi. Mama akamkaribisha, na imamu akaja mpaka mlango wa uani, akasimama nje ya kizingiti kwa stara yake ya kawaida. Alimwona baba amekaa, aliniona mimi na macho mekundu, akakiona na kile kioo kinachowaka. Uso wake ulibadilika. Nadhani aliogopa kwamba nimeshamwambia baba.

"Vipi mgonjwa wetu?" aliuliza, akiitazama amplifaya na si mtu yeyote.

Baba alikuwa akiitazama mikono yake.

"Bado, shehe," nilisema. "Safari hii nimeona tatizo ni kubwa. Kuna kipuri, hapa Pemba hakipatikani. Hata Unguja sidhani. Itachukua muda, na muda wenyewe siujui."

"Alhamdulillah," alisema imamu. Kisha akakohoa. "Yaani, poleni. Poleni sana. Kazi ngumu hiyo." Akamgeukia baba. "Basi n'zee wangu, itabidi utustahamilie. Mwalimu wa madrasa atashika kwa mdomo, mpaka mashine itengenee. Nawe usiache kuja mapema, safu ya mbele ina mahali pako."

"Hapana neno," alisema baba. "N'takuja."

Imamu aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Usijiharakishe, mwanangu," alisema. Safari hii nilimfahamu.

Imamu akaondoka. Mama alileta chai, na chai yake ilikuwa na sukari nyingi kuliko kawaida. Baba alikunywa, akaweka kikombe karibu na maiki. Nilikuwa nakunja nyaya za ziada ili nipate la kufanya na mikono yangu, nikawa sijafikia kuizima amplifaya wala osiloskopu, adhuhuri ilipoingia na sauti ya mwalimu wa madrasa ikatufikia, changa, haina chombo, inakuja yenyewe kwa nguvu zake juu ya mapaa.

Baba aliinua kichwa. Mwadhini hajiitikii mwenyewe. Na adhuhuri, kwa miaka inayokaribia umri wangu, yeye ndiye aliyekuwa akiitikiwa. Sasa aliitikia. Neno baada ya neno, polepole, kwa ile sauti ya Alhamisi. Kule msikitini mwalimu akafika pale pa pumzi ndefu. "Hayya ala-swala." Ilivutwa yote, haikukatika.

"La hawla wala quwwata illa billah," alijibu baba. Hapana uwezo wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Ndilo jibu la pale, na kila Muislamu analijua.

Maiki ilikuwa bado mbele yake. Kwa pembe ya jicho niliuona mstari wa njano unaanza kuamka kwenye kioo, na wa buluu chini yake. Nilinyoosha mkono nikaizima osiloskopu kabla mstari haujafika katikati.